Nusu Mwezi Bandarini: Kibarua, Ajira ya Mwezi na Familia Mjini Mombasa, 1907–1959

Katika historia ya kazi za ujira kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kiasi cha mshahara kimeandikwa sana, lakini kuna swali jingine lililowagonganisha waajiri, watawala na wafanyakazi kwa muda mrefu zaidi, nalo ni siku ngapi za mwezi wa mtu zihesabiwe kuwa mali ya mwajiri wake, na siku ngapi zibaki kuwa za mke, watoto, shamba na jamaa. Swali hilo lilijitokeza kwa ukali wa pekee bandarini Mombasa, ambako kwa takriban miaka 50, tangu utumwa ulipofutwa kisheria kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907 hadi ukingoni mwa utawala wa Kiingereza, maelfu ya wanaume walipendelea kazi ya kutwa, ambayo mtu aliifanya leo na kuiacha kesho bila kuomba ruhusa, kuliko kazi ya mwezi iliyokuwa na uhakika zaidi lakini iliyomshika mtu alfajiri ya tarehe mosi na kumwachia jioni ya siku ya mwisho. Maofisa wengi wa kikoloni waliliita jambo hilo uvivu. Hata hivyo, likitazamwa kutoka upande wa nyumba alikotoka mfanyakazi na si kutoka upande wa geti la bandari, linaonekana kuwa uamuzi wa kifamilia uliofanywa kwa hesabu, na mabadiliko ya kati ya 1939 na 1959, ambayo kwa kawaida huelezwa kama historia ya migomo na vyama vya wafanyakazi, yanaweza kusomwa pia kama historia ya jinsi maana ya kazi inayoifaa familia ilivyogeuzwa.

Mizizi ya kazi ya kutwa inaingia ndani ya zama za utumwa. Katika miji ya pwani na Unguja ya karne ya 19 walikuwapo watumwa waliopelekwa na mabwana zao kufanya kazi kwa wafanyabiashara na wenye vyombo, wakarudi jioni na ujira ambao sehemu yake ilichukuliwa na bwana na sehemu ikabaki mkononi mwa mtumwa, na kipande cha karatasi kilichothibitisha kazi ya siku hiyo ndicho kilichotoa jina la kibarua, ambalo baadaye likahama kutoka kwenye karatasi hadi kwa mtu mwenyewe na kazi yake. Mtumwa wa aina hiyo alikuwa na nafasi kubwa kidogo ya kujiamulia mambo kuliko mwenzake wa shambani, na waliomrithi kazi hiyo baada ya 1907 walikuwa na sababu nzuri ya kuthamini sifa yake iliyokuwa bora kuliko zote, yaani kwamba mapatano yalikwisha jua lilipotua. Kwa watu waliotoka katika hali ya kumilikiwa na mtu mwingine, au ambao wazazi wao walitoka humo, mkataba wa miezi mingi uliolindwa na sheria za adhabu dhidi ya mfanyakazi anayetoroka haukuonekana kuwa kitu cha mbali sana na kile walichokiacha.

Bandari yenyewe ilikuwa ikibadilika kwa kasi. Ujenzi wa reli ya Uganda ulioanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901 uliihamisha shughuli kuu kutoka Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa, ambako majahazi yalitia nanga kwa kufuata msimu wa kaskazi na kusi, hadi Kilindini, upande wa magharibi, ambako katika miaka ya 1920 zilijengwa gati za maji marefu zilizoziwezesha meli kubwa kufunga kando ya nchi kavu badala ya kushusha shehena kwenye matishari. Kupitia hapo ilitoka pamba na kahawa ya Uganda, kahawa na mkonge wa Kenya, ngozi, mahindi, na magadi kutoka ziwa lenye jina hilo, na ikaingia saruji, mashine, nguo na mafuta. Kazi ilishikwa na kampuni binafsi za aina mbili: zile za kupakia na kupakua melini, na ile iliyohudumia shehena nchi kavu kwa niaba ya reli. Zote zilikuwa na tatizo moja lisiloepukika, kwamba meli haziji kwa ratiba ya mishahara. Wiki moja ziliweza kupanga foleni mlangoni mwa bandari na wiki iliyofuata gati zikabaki tupu, kwa hiyo mwajiri aliyewalipa watu kwa mwezi alikuwa akiwalipa pia kwa kukaa. Kibarua alimwondolea gharama hiyo. Inafaa jambo hili likumbukwe, kwa sababu baadaye, kazi ya kutwa ilipoanza kulaumiwa, ilizungumzwa kana kwamba ilikuwa tabia ya Waafrika peke yao, ilhali kwa miongo mitatu kampuni ziliikumbatia na kupata faida kwayo.

Siku ya kazi ilianza kabla ya kupambazuka, wanaume walipokusanyika nje ya bandari wakingoja kuchaguliwa. Mchaguzi alikuwa serahangi, jina lililotoka kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi na ambalo bandarini lilimaanisha kiongozi wa genge, yaani kundi la wanaume waliofanya kazi pamoja kwenye mlango mmoja wa meli. Serahangi mwenye akili hakuokota watu ovyo. Aliwajua kwa majina, alijua nani ana mgongo wa kubeba na nani ana jicho la kuongoza winchi, na mara nyingi alikuwa na undugu au ujirani na baadhi yao, kiasi kwamba mtu aliyekosekana wiki mbili kwa ajili ya palizi aliweza kurudi na kukuta nafasi yake ikimngoja. Waliochaguliwa waligawanyika, wengine wakishuka ngamani, yaani ndani ya tumbo la meli, ambako joto la chuma na vumbi la magadi viliwakausha koo, wengine wakabaki gatini kupokea mizigo iliyoning'inia kwenye nyavu, na wengine wakapanga maghala. Gunia la kahawa lilikuwa na uzito wa kilo 60 hivi, na mtu alilibeba begani mara nyingi asizoweza kuzihesabu kabla ya jioni. Kazi hiyo haikuwa nyepesi kwa kipimo chochote, na mtu aliyeifanya siku nne mfululizo alikuwa na haja ya kweli ya kupumzika siku ya tano, jambo ambalo wakaguzi waliokaa na daftari za mahudhurio hawakulitilia maanani.

Kwa kuwa kazi ilikuwa ngumu, ujira wake wa kutwa ulikuwa juu ya ule wa kazi nyingine nyingi mjini, na hapo ndipo ilipokuwa siri ya hesabu nzima: mwanamume aliyefanya kazi bandarini nusu ya mwezi aliweza kupata fedha zinazokaribiana na za mwenzake aliyehudhuria kila siku katika kazi ya mshahara mdogo, na bado akabaki na nusu nyingine ya mwezi. Nusu hiyo haikuwa ya kulala. Wengi wa vibarua walikuwa watu wa pwani, yaani Waswahili wa mjini, watu waliotokana na watumwa walioachwa huru, na zaidi ya wote Wamijikenda, jina linalojumuisha Wagiriama, Waduruma, Warabai, Wadigo na jamaa zao, ambao makazi yao yalianzia ng'ambo tu ya kisiwa, Likoni, Kisauni na Changamwe, na kuendelea hadi Rabai, Kwale na Kilifi. Huko mahindi, mihogo na mtama vilifuata mvua za masika na vuli. Wanawake walilima na kupalilia kwa sehemu kubwa, lakini kufyeka msitu, kujenga, kuezeka makuti na kupanda minazi kulihitaji mwanamume awepo, na kulihitaji awepo kwa wakati wake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa tembo la mnazi, pombe iliyokuwa na soko la uhakika mjini. Mnazi unaogemwa hukatwa kilele cha karara asubuhi na jioni kila siku, na ukiachwa siku chache utomvu hukauka na mgema huanza upya. Mwanamume aliyejifunga kwa mkataba wa mwezi mjini hakuweza kuwa mgema, wala hakuweza kuacha minazi ya baba yake ikauke, lakini ndugu wawili au watatu wenye umri wa kufanya kazi waliweza kupokezana, mmoja akipanda minazi huku mwingine akiwa Kilindini, kisha wakabadilishana. Kaya, yaani watu wanaokula chungu kimoja, ndiyo iliyokuwa imeajiriwa bandarini, ingawa mtu mmoja tu kwa wakati ndiye aliyeonekana getini. Mwajiri aliona wafanyakazi watatu wasiotegemewa. Nyumbani walionekana watu watatu waliokuwa wakishikilia kazi mbili bila kuipoteza hata moja.

Mjini nako kulikuwa na hesabu ya namna hiyo. Majengo, mtaa uliokua haraka nje ya mji wa kale, ulijengwa kwa utaratibu wa pekee wa Mombasa ambapo mtu aliweza kumiliki nyumba bila kumiliki ardhi ambayo nyumba hiyo ilisimama juu yake, akimlipa mwenye kiwanja kodi ya mahali tu, na nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili ziliwezesha mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke, kukaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Wanawake wa Majengo na mitaa jirani walipika mahamri na vitumbua vya kuuza alfajiri, walisuka ukili, na walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama vilivyohitaji michango na mavazi. Katika nyumba ya namna hiyo ujira wa mume wa bandarini ulikuwa mto mmoja kati ya mito kadhaa. Haikuwa lazima utiririke kila siku, mradi usikauke kabisa.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuipamba kazi ya kutwa kwa maua isiyostahili. Uhuru wa kuja na kuondoka ulikuwa wa yule mwenye mahali pa kwenda. Kwa Mluo au Mluhya aliyetoka mamia ya kilomita kutoka pwani, na aliyelipa kodi ya kitanda katika chumba cha watu sita, siku isiyo na meli ilikuwa siku ya deni dukani, wala hakukuwa na shamba ng'ambo ya kivuko la kumfuta machozi. Aliyevunjika mguu ngamani alirudi nyumbani bila mwezi wa kumalizia. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipopunguza shehena mwanzoni mwa miaka ya 1930, wanaume wengi waligombania siku chache, na jaribio la kupunguza ujira wa kutwa lilizusha mgomo wa makuli mwaka 1934. Tena, utaratibu mzima ulisimama juu ya migongo ya wanawake wa mashambani, ambao jembe lao ndilo lililomwezesha mume kukataa kazi ya mwezi, nao hawakuwa na nusu mwezi wa kupumzika.

Kilichoigeuza serikali ni woga, na woga huo ulikuwa na sababu maalumu. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1939 mgomo ulioanza kwa vibarua wa idara za umma ulienea hadi bandarini na kusimamisha mji, na tume iliyoundwa chini ya Willan kuchunguza hali ya kazi Mombasa iligundua kwamba malalamiko makubwa yalihusu kodi za nyumba na ugumu wa maisha. Nyuma ya taarifa hizo kulikuwa na ugunduzi mwingine uliowasumbua maofisa zaidi: mwajiri hana tishio la kumtia adabu mtu wa kutwa. Mfanyakazi wa mwezi akigoma hupoteza kazi, nyumba na malimbikizo ya utumishi wake, lakini kibarua hupoteza siku moja, ambayo pengine hakukusudia kuifanya. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika utafiti mkubwa kuhusu gati za Mombasa, ameonyesha jinsi jambo hilo lilivyobadili fikra za watawala, waliokuwa hadi wakati huo wakiamini kwamba Mwafrika asiyekaa mjini moja kwa moja ndiye aliye salama kwao, nao wakaanza kuamini kinyume chake, kwamba mtu hatari ni yule ambaye mguu mmoja uko mjini na mwingine shambani.

Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama tena. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, reli, hoteli, maduka na majumba ya watu, waligoma kwa siku 12, wakikutana kila siku katika uwanja wa Majengo walioubatiza Kiwanja cha Maskini, na humo ukazaliwa muungano uliojulikana kama African Workers' Federation, ambao Chege Kibachia aliuongoza hadi alipokamatwa mwezi Agosti mwaka huo na kupelekwa kizuizini Baringo. Madai ya muungano yalikuwa pamoja na malipo sawa kwa kazi sawa na kukomeshwa kwa dharau kazini, na kati yake lilikuwamo lalamiko kwamba wafanyakazi Waafrika hawakupewa posho kwa ajili ya wake na watoto wao. Lalamiko hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Hadi hapo mishahara ya Kenya ilikokotolewa kwa kipimo cha mseja, yaani ilichukuliwa kwamba mwanamume anajilisha peke yake mjini, na kwamba mke na watoto wanajilisha kwa jembe huko kijijini, bila kujali kama kuna ardhi iliyobaki ya kulima. Wagomaji walikuwa wakisema kwamba familia ni gharama ya kazi na mwajiri anapaswa kuilipia.

Serikali nayo ilikuwa ikielekea upande huohuo kwa sababu zake. Kamati ya Phillips, iliyochunguza machafuko ya kazi Mombasa mwaka 1945, ilikuwa tayari imependekeza kuachana na utaratibu wa wafanyakazi wanaokuja na kuondoka, na kujenga badala yake tabaka la wafanyakazi waliotulia mjini pamoja na wake zao, ambao watoto wao wangelelewa karibu na shule, zahanati na jicho la maofisa wa ustawi. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyohusu mishahara ya Waafrika nchini kote, ilipendekeza kwamba katika kipindi cha miaka kama 10 kima cha chini kihamishwe kutoka kipimo cha mseja hadi kipimo cha familia, ambacho kilikadiriwa kuwa mara mbili na nusu ya kile cha kwanza. Mitaa ya nyumba za umma kama Tudor na Changamwe ilikusudiwa kuwapokea watu hao wapya. Kwa lugha ya maofisa, familia ilikuwa mke mmoja, watoto wake, na baba aliyetoka asubuhi na kurudi jioni. Ndugu wa kupokezana minazi, shangazi mwenye nyumba ya kupangisha na mama mkwe mwenye shamba Rabai hawakuwamo katika picha hiyo.

Picha hiyo haikutungwa Mombasa. Ilibebwa kutoka Uingereza, ambako vibarua wa gati za London walikuwa wameandamwa kwa miongo kadhaa na wanamageuzi waliowaona kuwa chanzo cha umaskini na fujo, hasa baada ya mgomo mkubwa wa 1889, na ambako mwaka 1947 ulianzishwa mpango wa taifa wa kuwasajili makuli wote na kuwahakikishia malipo kidogo wanapojitokeza na kukosa kazi. Kichekesho cha historia ni kwamba Waingereza hawakuikomesha kazi ya kutwa katika bandari zao wenyewe hadi mwaka 1967, miaka kadhaa baada ya kuikomesha Kilindini kwa kiasi kikubwa.

Hatua zenyewe zilikwenda polepole. Tangu 1944, kwa nguvu ya kanuni za wakati wa vita, vibarua wa bandari walisajiliwa na kupewa kadi, na aliyekosekana mno aliweza kufutwa kwenye orodha; katikati ya miaka ya 1950 masharti yakakazwa, idadi ya chini ya siku za kuhudhuria ikapandishwa, na kundi la waliosajiliwa likapunguzwa ili waliobaki wapate siku nyingi zaidi. Ilikuwa njia ya werevu, kwa kuwa haikumkataza mtu kufanya nusu mwezi, ila iliifanya nusu mwezi isiwe sifa ya kumbakiza kazini. Kufikia mwaka 1959 makuli walio wengi wa Mombasa walikuwa wameingizwa katika ajira ya mwezi.

Waliovuka upande huo walipata mengi. Mgomo wa bandari wa Machi 1955, ambamo Tom Mboya, aliyekuwa bado kijana lakini tayari katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alisimama kati ya wagomaji na waajiri, uliishia kwenye nyongeza kubwa ya mshahara, na chama cha wafanyakazi wa bandari, ambacho kuanzia 1958 kiliongozwa na Dennis Akumu, kikawa miongoni mwa vyama vyenye nguvu kuliko vyote nchini. Kuli wa bandari, aliyewahi kuhesabiwa pamoja na wahuni wa mjini, aligeuka kuwa mtu anayeheshimiwa na wakwe, mwenye uwezo wa kulipa ada ya shule na kukopeshwa dukani bila dhamana. Bei aliyolipa ilikuwa ya namna nyingine. Kampuni iliyomlipa kila siku ilitaka kila siku yake itoe tani nyingi zaidi, kwa hiyo yakaja malipo ya ziada kwa genge linalovuka kiwango, zamu za usiku, wasimamizi walioshika nafasi ya serahangi lakini bila undugu na mtu yeyote, na daftari la makosa ambalo ukurasa wake wa mwisho ulikuwa kufukuzwa. Mtu mwenye watoto watano shuleni na nyumba ya kupanga Changamwe hakuthubutu kuwa mgonjwa, na msiba wa kijijini, ambao kibarua alihudhuria kwa kutokwenda kazini tu, sasa ulihitaji barua na sahihi ya bwana mkubwa.

Swali la nani aliyevuka na nani aliyebaki ng'ambo lilikuwa na matokeo makubwa kuliko yote, na linastahili kuangaliwa bila haraka. Ajira ya mwezi ilimfaa zaidi yule aliyekuwa mbali na kwao. Mtu wa bara, ambaye hakuwa na minazi wala palizi ya kumwita katikati ya mwezi, alihudhuria siku zote zilizotakiwa, akabaki kwenye orodha, akapanda cheo, kisha akawaita ndugu zake. Mtu wa Rabai au Likoni, aliyezoea kugawa mwezi wake, alifutwa kwa kanuni ambayo haikutaja kabila lake popote. Baadhi yao waliamua kuacha wenyewe, wakarudi kwenye tembo, samaki na korosho, na huenda kwa miaka michache hawakuona hasara, hadi walipotambua kwamba mlango waliouacha wazi ulikuwa umefungwa na kwamba watoto wao wangelazimika kubisha hodi kwa watu wasiowajua. Wakati siasa za vyama zilipofunguliwa mwaka 1960, na Ronald Ngala, mtu wa pwani, akakiongoza chama cha KADU kilichodai majimbo, yaani mamlaka za mikoa dhidi ya serikali moja ya kati, hoja kwamba kazi za bandari zimechukuliwa na wageni ilisikika kwa nguvu katika mikutano ya pwani. Wasemaji waliwalaumu watu wa bara. Kanuni ya mahudhurio, iliyofanya kazi kubwa zaidi ya kuwabadilisha watu getini, haikulaumiwa na mtu.

Bandari nyingine za Waswahili zilipita njia zinazofanana, kila moja kwa mwendo wake. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947, na chama chao, ambacho Abdulwahid Sykes alikuwa katibu wake mwaka 1948, kilivunjwa baada ya ghasia za 1950. Unguja, mgomo wa 1948 ulioanzia bandarini ukawa mgomo wa mji mzima, na ndio Adam Shafi alioufanya kuwa msingi wa riwaya yake *Kuli*, iliyotoka mwaka 1979. Hata hivyo ni Mombasa, kwa sababu ya ukubwa wa bandari na ukaribu wa mashamba, inayoonyesha waziwazi zaidi kwamba wanaume waliokuwa wakichagua kati ya kazi mbili walikuwa wakichagua pia kati ya familia za aina mbili.

Miaka iliyofuata uhuru iliyabadili tena mazingira. Halmashauri ya bandari ya Kenya iliundwa mwaka 1978, wakati ambapo makontena, masanduku ya chuma yanayonyanyuliwa na kreni moja, yalikuwa yameanza kuondoa haja ya magenge ya kubeba magunia, na katika miongo ya baadaye kazi ya kutwa ikarudi kwa njia ya wakandarasi, ikiwa na ujira mdogo na bila lile shamba la ng'ambo lililoipa maana hapo kwanza, kwa kuwa ardhi ya karibu na mji imegawanywa, imeuzwa au imejengwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayompa mama mzazi likizo ya miezi mitatu yenye malipo kamili na baba wiki mbili, inaeleza pia katika kifungu cha 37 kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kwa chini ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa ameajiriwa kwa mwezi, na waajiri wasiotaka kubanwa nacho wanajua kumpumzisha mtu siku chache kabla ya hesabu kutimia. Kifungu hicho kilitungwa kumlinda mtu anayenyimwa ajira ya kudumu, na kwa kazi hiyo kinafaa. Mtu anayetaka nusu ya mwezi kwa hiari yake, kwa ujira wa maana na bila kupoteza nafasi, hakimtaji.